Mahari pa Kukaa

Biharamulo mjini,
26 Oktoba 2002

Kaka Frednand, shikamoo.

Nimefika. Basi lilikwama Nyakahura karibu saa nzima, na tumbo langu hili likawa mazungumzo ya abiria wote. Kila mwanamke alikuwa na ushauri wake, na mmoja alitaka kunikanda hapo hapo kwenye kiti. Mama alinipokea mlangoni, hata viatu sijavua, akaniambia kuanzia leo mimi ni mali yake mpaka mtoto atimize arobaini. Likizo yenyewe inaisha mwishoni mwa Januari, kwa hiyo msinitegemee kabla ya hapo. Huku simu za mkono bado, na ile ya posta mtu anaongea kama yumo ndani ya mtungi, basi tuandikiane. Mume wangu Ahmadi anakuja huku kila akipata nafasi dukani kwake Kabanga. Atapita ofisini, barua mpe yeye, au mpe kondakta yeyote wa basi anayenijua.

Nakuandikia hasa kwa ajili ya seva ya maelezo. Siku ninaondoka nilikueleza huku nafunga begi, na nina hakika nusu yake uliitikia kwa heshima tu. Sasa naeleza polepole, maana wewe ndiye niliyekukabidhi, na makarani wenzetu, Leonsia na Anastazi, wanaitegemea kuliko wanavyonitegemea mimi.

Iko hivi. Programu yetu ya kuwatafutia wakimbizi ndugu zao nimeiandika mimi, na kila sehemu yake ina maelezo ya jinsi inavyofanya kazi. Seva inayasoma maelezo hayo humo humo ndani ya programu, inayapanga yakawa kurasa, na mtu yeyote ofisini anazifungua kwenye kompyuta yake, hata ile ya mapokezi. Haihitaji intaneti ya setilaiti wala kumwomba bosi ruhusa. Mimi sikuandika ukurasa hata mmoja, inajitengenezea yenyewe. Na inafanya kazi kwa nyuma, kimya kabisa: huoni dirisha lake, husikii kelele yake, na wewe unaendelea na shughuli zako mbele.

Tatizo ni jenereta. Ikizimwa jioni, seva nayo inakufa. Kwa hiyo asubuhi ukiwasha kompyuta kubwa, andika mstari huu kama ulivyo:

nohup pydoc -p 8080 &

Neno la kwanza linaiambia isife hata ukifunga dirisha ukaenda zako. Ile alama ya mwisho, inayofanana na mtu aliyekaa chini akakunja miguu, ndiyo inayoipeleka nyuma. Ukiisahau, seva itakaa mbele na kukuzuia kuandika kitu kingine. Ukimaliza bonyeza Enta, basi. Faili zangu usiziguse, nakuomba.

Leonsia na Anastazi wakikwama waambie wakasome huko kwanza kabla ya kunilaumu. Na wewe endelea na kipaza sauti chako kambini kila Alhamisi, hakuna anayeita majina ya wanaotafutwa kama wewe. Meza yangu ya dirishani, ile uliyonitafutia siku ya kwanza, usimpe mtu.

Mdogo wako,
Naima Suleman


Ngara,
4 Novemba 2002

Mdogo wangu Naima,

Malahaba. Balua yako nimeipata kwa mkono wa Ahmadi, nikaisoma mara mbiri, nikaibandika ukutani pembeni ya kompyuta kubwa. Asubuhi kabra ya chai naandika ule mstari na kumweka yule mtu wako aliyekunja miguu. Siku ya kwanza nirimsahau. Kompyuta ikaganda, nikafikili nimeivunja, nikakaa hapo natoka jasho mpaka Leonsia akaja. Sasa nimezoea. Kira siku inawaka.

Mimi mwenyewe sijafungua kulasa zake. Macho yangu na kile kioo hayaerewani, na miwani nirisahau Kanazi kwa mama. Rakini nakupa habali njema: wanazisoma sana. Jumatano nirikuta watatu wamejazana kwenye kompyuta ya mapokezi, na madeleva wawili wa maroli nyuma yao, wanacheka mpaka wanafuta machozi. Nikauliza kuna nini, Anastazi akasema ni maerezo ya programu. Nikasema moyoni, kumbe huyu binti anajua kuandika mpaka kazi inakuwa buludani. Sisi turifundishwa kwa fimbo.

Arhamisi nirisoma majina kule Rukore kambini. Watu walikuwa wengi, maana kira anayetaka kulejea Burundi anataka kujua kwanza nduguye yuko upande gani kabra hajapanda rori. Nikaita Niragira. Mama mmoja akainua mkono tangu kule mwisho wa foreni ya mahindi, akaja anakimbia na debe lake kichwani, anasema ni binti yangu, ni binti yangu. Aliyempata ni mashine yako. Mimi ni mdomo tu. Rakini nirifulahi mpaka jioni.

Meza yako ipo. Nimetandika kalatasi juu yake, pasiwe mahari pa kira mtu kuwekea kikombe.

Ukae sarama,
Frednand Matiasi


Biharamulo,
16 Novemba 2002

Kaka Frednand, shikamoo.

Nina binti! Amezaliwa Jumanne, ndani ya mfungo, na kwa sababu hiyo anaitwa Swaumu, hakuna aliyebishana. Ana sauti kubwa kuliko kipaza sauti chako. Mama anasema amefanana na babu yake aliyetoka Pangani, mimi naona amefanana na mtu aliyeamshwa bila kuombwa.

Balua yako (ndiyo, nimeiga, usinune) imenichekesha mpaka mama akanipokonya, eti nitashtua kidonda. Nimekuona kabisa hapo mbele ya kompyuta iliyoganda, jasho linakutoka. Na hao wanaocheka wakisoma maelezo yangu, waache wacheke. Mimi sikumbuki kama nimeandika jambo la kuchekesha huko, labda ile mifano. Lakini kichwa kimenivimba kidogo, sitakuficha. Mtu unaandika peke yako miezi yote ile, hujui kama kuna atakayesoma.

Na wewe sasa agiza miwani hiyo iletwe. Anza na ukurasa wa kulinganisha majina, huo ndio moyo wa programu. Hapo ndipo utajua kwa nini karani akiandika Niragira au Nilagila mashine inamleta mtu yule yule. Soma taratibu, usione haya kuuliza.

Mdogo wako na sasa mama wa mtu,
Naima


Ngara,
25 Novemba 2002

Bi Naima Suleman,

Marahaba. Hongera kwa kupata mtoto. Mwenyezi Mungu amlinde Swaumu na akupe wewe nguvu.

Miwani imeletwa kutoka Kanazi. Ukurasa wa kulinganisha majina nimeusoma kama ulivyoniagiza.

Seva inafanya kazi. Ninaiwasha kila asubuhi.

Siku za Alhamisi sisomi tena majina. Anayesoma ni Anastazi. Koo langu si zuri.

Meza yako haijaguswa.

Frednand Matiasi


Biharamulo,
2 Desemba 2002

Kaka Frednand, shikamoo.

Ama kweli nimekaa huku nimepitwa na mengi! Kiswahili chako kimenyooka kama rula. R imekaa panapotakiwa R, L panapotakiwa L, nimeipekua barua yote sijapata hata moja iliyopotea njia. Nani anakufundisha? Bibi yangu mzaa baba angekuwa hai angekutafutia mchumba kwa barua hii moja.

Ila ni fupi, kaka. Na umeniita Bi Naima Suleman kama hakimu. Nilidhani ni utani wako mpya, nikaisoma tena kutafuta mahali pa kucheka, sikupaona.

Koo lako limenitia wasiwasi. Chemsha tangawizi, weka asali, unywe ikiwa moto, na usiku ujifunge kitambaa shingoni. Kipaza sauti usikiache moja kwa moja. Anastazi anasoma majina kama mtu anayefukuzwa na nyuki, nani atasikia la ndugu yake hapo? Wale watu wamezoea sauti yako.

Swaumu amejifunza kutabasamu, au ni gesi. Mama anasema ni gesi.

Naima


Biharamulo,
8 Desemba 2002

Leonsia mwenzangu,

Barua hii usimwonyeshe mtu, na ukimaliza kuisoma ichane.

Ahmadi amekuja Idd. Tumekula, tumeshiba, tumekaa ukumbini na mama na shangazi zangu, naye akaanza kutuletea vichekesho vya Kabanga. Akasema kuna mtu ofisini kwetu madereva wanamwita Bwana Mahari. Nikauliza kwa nini. Akasema: huyo bwana alimkaribisha binti mgeni kazini akamwambia, nimekutafutia mahari pa kukaa. Binti akamuuliza, ng'ombe wangapi? Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nilishaanza kucheka nao. Halafu akamalizia: mtu wa hivi ukiolewa naye, hujui kama anakuposa au anakupa kiti.

Leonsia, niliinama nikajifanya namfunika mtoto. Maneno hayo ni yangu, neno kwa neno. Hayo ya ng'ombe na ya kiti sijapata kumwambia mtu yeyote duniani, hata Ahmadi mwenyewe. Niliyaandika Machi, peke yangu, juu ya ile sehemu ya kulinganisha majina, na kila mstari nikauwekea alama ya reli (#) mbele. Mistari ya reli mashine inairuka. Ni ya mwandishi mwenyewe, ya kujikumbusha, na siku hiyo mimi nilijikumbusha kwa utani kwa nini R na L lazima zihesabiwe kuwa herufi moja.

Nimefikiri siku mbili mpaka nimeelewa. Sehemu ile sikuiandikia maelezo rasmi kwa sababu ya haraka. Na seva ikikosa maelezo rasmi, inachukua mistari ya reli iliyo juu yake na kuiweka kwenye ukurasa. Nilipata kulisoma hilo zamani nikalipita. Kabla ya kuondoka niliangalia ukurasa wa kwanza tu, nikaona unapendeza, nikafunga begi.

Sasa nakuomba. Asubuhi kabla watu hawajafika, kaa kwenye kompyuta kubwa; ukikuta seva imeshawashwa, andika ps, tafuta namba iliyo kwenye mstari wa pydoc, kisha andika kill na namba hiyo. Seva itakufa. Halafu fungua faili la majina ufute ile mistari mitatu, umeshanielewa ni ipi. Frednand asijue. Aliniandikia kwamba ukurasa ameusoma, lakini yeye si mtu wa kompyuta, huenda aliupitisha macho juu juu. Nashikilia hilo tu.

Ahmadi hajui kwamba ni mimi. Nilimwambia nina usingizi, nikaenda kulala na mtoto nimejifunika kanga hadi usoni. Naona aibu hata kwa huyu ninayemnyonyesha.

Naima


Ngara,
13 Desemba 2002

Mama Swaumu,

Sikuichana barua yako na sikufuta kitu. Ngoja nikueleze, halafu unikasirikie ukipenda.

Nilikwenda mapema kama ulivyosema. Nikamkuta Frednand ameshafika, kakaa mbele ya kompyuta kubwa, anaandika ule mstari wako kwa kidole kimoja huku anatazama barua yako ukutani. Nikamwambia, kaka, leo iache hiyo. Akasema, Naima aliniagiza isikose hata siku moja, na nyinyi mnaitumia. Akabonyeza Enta. Ndivyo anavyofanya kila asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe.

Na usijidanganye, amesoma. Siku miwani ilipoletwa alikaa pale mapokezi akaomba afunguliwe ukurasa uliomwagiza. Akasoma kwa kufuata na kidole, mstari kwa mstari. Sisi wote tulikuwa tumeshausoma wiki tatu nzima, na mimi nilicheka kama wengine, sitajitoa hapo. Tukawa tunamtazama mgongo. Alipomaliza alivua miwani akaifuta, akauliza nani ana kalamu. Aliitamka polepole mno, kama anayeogopa itamdondoka. Anastazi akamwambia, karamu ya nini tena, mahari si bado? Madereva wakaangua kicheko. Frednand naye alicheka kidogo, akatoka.

Alhamisi iliyofuata alipanda juu ya sanduku akashika kipaza sauti. Hajaita hata jina moja, dereva akapiga kelele kutoka kwenye lori: Mahari! Wakimbizi hawakujua ni kitu gani, walicheka kwa sababu sisi tulicheka. Akampa Anastazi kipaza sauti na karatasi, akaenda kukaa ndani ya gari mpaka tulipomaliza. Koo lake halina ugonjwa wowote.

Lingine ambalo hujui. Barua yake ile iliyonyooka kama rula, aliniletea mimi. Aliiandika kwanza kwa penseli, akanipa nimwekee alama kila palipokosewa R na L, kisha akainakili upya kwa wino. Aliinakili mara tatu. Barua yako ya kumsifia Kiswahili ilipofika, alinisomea kwa sauti yote, pamoja na ile ya bibi yako na mchumba. Halafu akaikunja akaitia mfukoni.

Ukitaka izimwe, mwandikie mwenyewe. Mimi kukufichia siwezi.

Leonsia


Biharamulo,
18 Desemba 2002

Kaka Frednand, shikamoo. Ukikataa kuiitikia nitaelewa.

Nimejua kila kitu. Leonsia ameniandikia. Na kabla hajaniandikia mimi nilimwomba afute yale maneno kwa siri ili usijue, hilo nalo ulijue, maana nimechoka kuwa mtu wa kuficha.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Kila nikianza najikuta naeleza habari ya alama ya reli, kwamba sikujua kama itaonekana. Halafu najiuliza, kwa hiyo kama isingeonekana lingekuwa jambo zuri? Ungebaki unaniita mdogo wangu, unatandika karatasi juu ya meza yangu, na mimi nimeweka kichekesho chako ndani ya programu ninayolipwa mshahara kwa ajili yake. Nimeona aibu nyingi maishani, kaka, lakini zote zilikuwa za kuonekana na watu. Hii inanishika hata nikiwa peke yangu naosha nepi.

Wala si hayo tu. Nilikuagiza mwenyewe ukausome. Nikakwambia usione haya. Nikakusifia Kiswahili. Nikikumbuka ile barua ya rula natamani ardhi inimeze.

Zima seva, nakuomba. Namna ya kuizima Leonsia anayo. Waache wahangaike bila maelezo mpaka nirudi. Na nikirudi nitakuja kwako tufunge mlango, nikuombe radhi ana kwa ana kama inavyopasa.

Nisamehe.
Naima


Ngara,
27 Desemba 2002

Naima,

Malahaba. Nimeitikia kwanza, kwa sababu shikamoo hailudishwi.

Balua hii sikumpa Leonsia. Isome irivyo, na mahari utakapocheka ucheke.

Nimekasilika. Sikutaka kukuandikia hiro, nirifundishwa kwamba mtu mzima hakasilikii watoto. Rakini wewe siyo mtoto, una mtoto. Kuchekwa siyo kitu kigeni kwangu. Nimechekwa na mwarimu darasa la tatu, nimechekwa Mwanza sokoni. Watu wote wa kwetu tunasema hivi na tunaerewana. Kirichoniuma ni kwamba wewe nirikuwa nakusifu. Nirimwambia mama yangu Kanazi, kuna binti wa Kiisramu ofisini ameandika mashine inayomjua Niragira hata ukimwandika vibaya. Mama akasema huyo anatupenda. Kumbe sababu ya hiyo mashine ni kichekesho.

Hujui jambo moja. Siku unafika ulikuwa umesimama mrangoni na begi, hakuna aliyekukalibisha, na ofisi haikuwa na meza ya ziada. Ile ya dilishani irikuwa yangu. Nirihamisha vitu vyangu stoo kabra hujaingia, halafu ndiyo nikaja kukwambia nimekutafutia mahari pa kukaa. Hiro hukuriandika.

Seva siizimi. Wanaitumia. Leonsia asiposoma pare hakumbuki namna ya kutafuta jina kwa njia mbiri, na maroli yanaondoka kira wiki. Mtu akipanda bira kujua mama yake yuko wapi kwa sababu mimi nimeona haya, hiyo itakuwa juu yangu.

Unasema utakuja tufunge mrango uniombe ladhi. Kwa nini mrango ufungwe? Ulinicheka mrango uko wazi. Andika pare pare, juu ya sehemu ire ire, kwa leri zako. Jina langu usiriondoe, maana wote wanarijua. Mpe Leonsia aingize. Asubuhi nitaiwasha kama kawaida.

Frednand Matiasi


Biharamulo,
4 Januari 2003

Leonsia,

Mpe kaka Frednand shikamoo yangu, mwambie nimekubali.

Hapa chini kuna mistari ya kuingiza badala ya ile ya zamani. Nimeiandika wiki nzima. Mara nilikuwa najitetea, mara nilikuwa najidharau mpaka ikawa tena habari yangu mimi. Mama amenikuta nalia juu ya karatasi akauliza kama nimeachwa. Nikamweleza. Akaniuliza, na yeye alikuwa amekukosea nini? Nikachukua karatasi nyingine nikaanza upya.

Ahmadi naye nimemwambia. Amesema kile kichekesho amekisimulia dukani kwa watu ambao hata hawajui ofisi yetu iko wapi, na mmoja wao ni dereva wa basi la Kigoma. Hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu.

Nakili hivi hivi:

# R na L ni herufi moja hapa.
# Frednand Matiasi alinipa meza yake, nami nikaandika kichekesho badala ya asante.
Mlichocheka ni maneno yangu. Aibu ni yangu mimi, Naima Suleman.
# Mfano: mahari na mahali ni neno moja.

Naima


Ngara,
17 Januari 2003

Mama Swaumu,

Malahaba, Leonsia amenifikishia.

Jumatatu ameingiza maneno yako kama urivyoandika. Nikawasha, tukafungua ukulasa wa majina, ukakataa. Ukaleta makosa kwa Kiingeleza tangu juu mpaka chini. Makarani wote wamesimama nyuma yetu wanangoja. Kumbe mstari wako wa tatu hukuuwekea leri, mashine ikafikili ni kazi imeambiwa ifanye, ikashindwa. Leonsia akaiweka, ukafunguka. Wote wamesoma, mpaka mapokezi. Hakuna aliyecheka. Anastazi alitoka nje akakaa huko muda.

Jana nimesoma majina. Usifikili ni kwa sababu ya ukulasa, Anastazi amerazwa na maralia na hakukuwa na mwingine. Nirisoma kwa mdomo wangu huu huu, na watu walikuja.

Meza ya dilishani nimeirudia. Wewe nimekutafutia mahari pengine pa kukaa, kalibu na jeneleta. Pana kerere kidogo, utazoea.

Rile jina harijafa, nakwambia ukweli. Huko balabalani Kabanga hakuna anayesoma kompyuta. Madeleva wananiita, wabadilisha pesa wananiita, na hao siwezi kuwazima asubuhi wala jioni. Jana nikishuka kwenye sanduku, mama mmoja mkimbizi, mtu mzima mwenye adabu zake, alinifuata kuniuliza habali za mwanawe. Hakuwa anacheka. Alikunja goti kidogo akanisarimia, shikamoo Bwana Mahari. Anafikili ndiro jina nirilopewa na wazazi wangu.

Nikamjibu malahaba.

Frednand Matiasi